Taa ya ABS imekataa kuzima? Kaa rada kabla ulipie moduli mpya

Vuta picha. Ni saa kumi na mbili jioni, mvua ndio imeanza kumwagika Thika Road, na lami iko na ile utelezi ya mvua ya kwanza. Uko leni ya katikati, unasonga tu poa. Ghafla matatu inakata mbele yako kushukisha watu. Unakanyaga breki yote.

Kama ABS iko fiti, unaskia pedali ikitetemeka chini ya kiatu, unazungusha stering kidogo, unaikwepa, unaenda home kukula ugali. Kama ABS imekufa, tairi zinafunga, ndai inateleza kama sabuni, na stering haina kazi tena. Kitu chenye kinatenganisha hizo stori mbili ni kasanduku kadogo kenye kako chini ya boneti, na madere wengi hawajawahi hata kukaona.

Shida ni venye sisi hushughulikia hiyo taa ya manjano ikiwaka. Kuna msee wa kwanza, huyo anabandika kipande ya selotepu juu ya taa na maisha inaendelea. Kuna wa pili, huyo anaambiwa na fundi "moduli imeisha, leta doh", analipa bila swali, na taa inarudi wiki ijayo. Wote wawili wamekosea kitu moja: hakuna mtu alipima. Hii article ni ya kukuonyesha mpangilio wa kufuata, kuanzia kupima, kutoa moduli, kuitengeneza, hadi kuirudisha, ndio usilipie kitu hujui na usiendeshe gari yenye haiko sawa.

ABS hufanya nini haswa

ABS si kitu mpya. Bosch na Mercedes-Benz waliileta kwa gari za S-Class mwaka wa 1978, na leo karibu kila mtumba inashuka meli Mombasa iko nayo. Kila tairi iko na sensa yenye inahesabu mzunguko. Ukikanyaga breki kwa nguvu na tairi moja ianze kufunga ilhali zingine bado zinazunguka, moduli inajua. Inafunga na kufungua valvu za hiyo tairi mara kadhaa kwa sekunde moja, na pampu inarudisha mafuta ya breki nyuma. Huo ndio mtetemeko unaskia kwa mguu. Usitoe mguu ukiuskia! Hiyo si kuharibika, hiyo ni kazi.

Faida kubwa ya ABS ni kwamba unaweza kukata kona huku umekanyaga breki. Kwa murram ama kokoto inaweza hata kufanya gari isimame mbele kidogo kuliko tairi zenye zimefunga, kwa hivyo usidhani ni miujiza.

Hiyo unit iko na sehemu tatu zimeshikana: pampu na mota yake, blok ya aluminiamu yenye valvu (kawaida 8 kwa ABS ya kawaida, 12 kama gari iko na ESP), na kichwa ya plastiki yenye iko na bodi ya elektroniki. Hiyo kichwa ya plastiki ndio moduli, na mara nyingi ndio hugonjeka. Blok na pampu huwa hazina neno.

Taa inakuambia nini

Washa swichi bila kupiga stata. Taa ya ABS inafaa kuwaka, halafu izime baada ya sekunde chache. Hapo gari imejipima na ikaona mambo iko sawa.

Ikiwaka na ikatae kuzima, ABS imejizima. Breki za kawaida bado ziko, lakini tairi zinaweza kufunga.

Ikiwaka pamoja na ile taa nyekundu ya breki, hiyo ni stori ingine. Inaweza kuwa mafuta ya breki yamepungua, ama ule mpango wa kugawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma (EBD) pia umeenda. Hapo tairi za nyuma zinaweza kufunga kwanza na gari izunguke. Angalia mafuta kwanza, na kama haujapata sababu, usiendeshe. Ita mtu aivute.

Isipowaka kabisa ukiwasha swichi, shuku. Balbu imeungua, ama kuna mtu aliitoa ndio akuuzie. Hiyo tutairudia mwisho.

Kabla ulaumu moduli

Hapa ndio watu huchomwa. Taa ni moja lakini sababu ni nyingi, na nyingi ni za bei ya chini. Anza na mashine ya kuskani yenye inaingia kwa mfumo wa ABS. Zile ndogo za Bluetooth za bei ya chai mara nyingi husoma injini peke yake. Andika namba zote za makosa kwa karatasi kabla mtu yeyote azifute. Halafu pitia hii orodha:

1. Betri na alteneta. Volti zikishuka, moduli inajizima. Gari yenye inasumbua kuwaka asubuhi inaweza kukuwashia taa ya ABS bure.

2. Fyuzi. ABS huwa na fyuzi zaidi ya moja, na zile za pampu ni kubwa, kama amp 30 ama 40. Zipime kwa mita, usiangalie tu kwa macho.

3. Ardhi. Ule waya wa kwenda kwa bodi ya gari ukishika kutu, moduli haipati stima ya kutosha. Safisha, kaza.

4. Sensa za tairi. Waya hukatika penye unajikunja karibu na shoka, ama matope inajaa. Zile sensa za zamani unaweza kupima kwa mita, nyingi husoma kati ya ohm 800 na 2,000. Linganisha ya kushoto na ya kulia: zikitofautiana sana, umempata mwizi. Za kisasa hazipimiki kwa ohm, hizo tazama kwa skana mwendo wa kila tairi gari ikiwa inatembea. Yenye inasoma sufuri peke yake ndio mbaya.

5. Ringi ya meno. Kwa gari za zamani hii ringi hupasuka kwa kutu. Dalili yake ni ABS kupiga kelele ukiwa karibu kusimama, mwendo wa pole sana, bila sababu.

6. Beringi. Hii ndio ile ya kuuma. Gari nyingi za siku hizi ziko na sumaku upande mmoja wa beringi, na huo upande lazima uangalie sensa. Fundi akiipiga nyundo ikiwa imegeuzwa, sensa haioni kitu. Kama taa iliwaka siku hiyo hiyo ulibadilisha beringi, rudi kwa huyo fundi kwanza. Kipini cha karatasi kinashika kidogo upande wenye sumaku, kwa hivyo jaribu kabla beringi iingizwe.

7. Tairi. Ukiweka saizi tofauti mbele na nyuma kwa gari yenye haikuundwa hivyo, hesabu ya mzunguko inakataa.

Zote saba zikiwa sawa, sasa unaweza kuanza kuangalia moduli.

Dalili kwamba moduli ndio mgonjwa

Moduli inaishi karibu na injini. Inapashwa moto, inapoa, inatingizwa na mashimo za mtaa, miaka nenda miaka rudi. Na kumbuka sheria ya Kenya inaruhusu gari ya hadi miaka 8 kuingia nchini, kwa hivyo mtumba "mpya" yako tayari imeshaona joto nyingi. Ndani ya moduli kuna nyaya nyembamba kama unywele na solda zenye zinashikilia miguu ya soketi. Hizo ndizo hukatika.

Ndio maana dalili ya kwanza huwa kigeugeu. Taa inakuja injini ikipata moto, inazima ikipoa. Ama inawaka ukipita bampu. Baada ya miezi inakaa tu hapo. Dalili zingine ni skana kukataa kabisa kuongea na ABS ilhali inaongea na injini vizuri, na kwa gari zingine, spidomita kuanguka hadi sufuri ukiendesha.

Tuchukue mfano wa gari zenye ziko hapa kwetu. Volkswagen Passat ya B5, ile ya mwisho wa miaka ya 90 hadi 2005, inatumia moduli ya Bosch 5.3, na namba yake maarufu ni 01276, inalalamikia pampu ya ABS. Ukisoma hivyo utanunua pampu. Usinunue! Kwa hii gari pampu iko na soketi yake ndogo ya waya mbili. Itoe hiyo soketi, uipe pampu volti 12 moja kwa moja kutoka kwa betri, kupitia waya wenye fyuzi, kwa sekunde moja tu. Ikinguruma, pampu ni mzima, na moduli ndio haiipatii stima. Golf ya Mk5 yenye unit ya ATE MK60 nayo inajulikana kwa namba 01435, ya sensa ya presha ya breki. Hiyo sensa haiko kwa tairi wala kwa pedali, iko kwa hiyo unit yenyewe. Kila gari iko na ugonjwa wake, kwa hivyo tafuta namba ya gari yako kabla ufungue pochi.

Kuitoa bila kumwaga mafuta

Hii ndio siri yenye itakuokolea chapaa. Kwa gari nyingi, Passat B5 ikiwemo, unaweza kutoa ile kichwa ya elektroniki peke yake na kuacha blok na paipu za breki mahali pake. Hakuna paipu inafunguliwa, hakuna hewa inaingia, hakuna kublidi breki. Fundi akikuambia lazima unit yote itoke, muulize kwa nini. Wakati mwingine ako na haki ju nafasi ni ndogo, ama skurubu ziko upande wa nyuma. Wakati mwingine hajui tu.

Fuata hii:

Paki mahali tambarare, weka mawe kwa tairi, acha injini ipoe kabisa. Kama redio yako huomba namba ya siri, itafute kwanza. Toa waya hasi wa betri na ungoje kama dakika kumi.

Tafuta blok. Fuata paipu nyembamba za chuma kutoka masta silinda. Mahali mbili zinaingia na nne zinatoka kuelekea tairi, hapo ndipo. Piga picha na simu kila upande.

Safisha vizuri na brashi na dawa ya kusafisha breki kabla ufungue kitu. Punje moja ya mchanga ikiingia kwa valvu umejitafutia noma kubwa kuliko ile ulikuwa nayo.

Fungua soketi kubwa ya waya. Iko na mkono wa kuinua ama wa kuvuta. Usivute waya, vuta mkono. Kama pampu iko na soketi yake, itoe pia.

Fungua skurubu za Torx zenye zinashika moduli kwa blok. Tumia biti yenye inakaa sawasawa. Ukitumia yenye inacheza, kichwa ya skurubu itamalizika na hapo utalia. Legeza zote kidogo kidogo kwa zamu, usimalize moja kwanza.

Sasa vuta moduli moja kwa moja kutoka kwa blok. Usiizungushe, usiingize bisibisi kuipanga. Ndani kuna koili zenye zimevalishwa juu ya vijiti vya valvu, na ukiziforce kwa upande vijiti vinapinda. Ikiwa ngumu, itikise polepole mbele na nyuma hadi silikoni iachilie.

Angalia ndani ya koili. Zikiwa kavu, poa. Zikiwa zimelowa mafuta ya breki, simama hapo. Maana yake ni blok yenyewe inavuja, na ukitengeneza elektroniki peke yake unatupa doh.

Funika blok na nailoni safi na ufunge soketi isiingie maji. Na gari ikae. Inaweza kusimama kwa breki za kawaida, ndiyo, lakini EBD haiko na valvu ziko wazi kwa vumbi. Tumia mat kwa siku chache, haitakuua.

Kama lazima unit yote itoke, hiyo si kazi ya kujifunzia kwa parking ya ploti. Nati za paipu zinataka spana yake maalum, paipu zinafaa kuwekwa alama, na baadaye breki lazima zitolewe hewa, kwa gari nyingi kwa kutumia skana ndio pampu na valvu zijazwe. Na chunga mafuta ya breki, yanakula rangi ya gari. Yakimwagika, osha na maji mara moja.

Kuitengeneza: solda ama la?

Inategemea kilicho ndani. Moduli zingine za zamani ziko na bodi ya kawaida, na tatizo ni solda zenye zimepasuka penye soketi inaingia. Fundi wa elektroniki mwenye mkono mtulivu anaweza kuzipiga solda upya na ikashika miaka.

Lakini zingine, kama hiyo Bosch 5.3, ziko na kibao cha seramiki na nyaya za aluminiamu nyembamba sana, zimefunikwa na jeli. Aluminiamu haikubali solda ya kawaida. Fundi akikuambia atapiga solda hapo, ama ataweka gundi ya kupitisha stima, chukua moduli yako uende. Hiyo kazi inataka mashine maalum ya kushikanisha nyaya. Muulize maswali manne kabla umwachie:

Utaipima kabla na baada, ama utafungua tu ukiangalia? Hizo nyaya utazishikanisha na nini? Waranti ni ya muda gani, na iko kwa karatasi? Ikishindikana, nalipa?

Mtu wa ukweli hatakasirika na hayo maswali.

Na kwa kufunga, kifuniko lazima kizibwe kabisa. Ile silikoni yenye inanuka siki ni ya dirisha na sinki, asidi yake itakula shaba pole pole. Aulizwe kama anatumia ile isiyo na asidi.

Mpya, mtumba, ama yako?

Mpya ni ghali na lazima iandikwe programu ya gari yako. Ya mtumba, zile unapata Kirinyaga Road na Grogan, inaweza kukusaidia kama namba zote kwa stika zinafanana na zako, si rangi na umbo tu. Hata hivyo nyingi zinahitaji kuandikwa upya na skana ya kampuni, na kumbuka ilitoka kwa gari ya umri kama wa yako. Ugonjwa huo huo unaweza kuwa unakuja njiani. Usiuziwe mbuzi kwenye gunia: kubaliana na muuzaji utairudisha ikikataa.

Yako mwenyewe ikitengenezwa inarudi na programu yake ndani. Kwa gari nyingi unaifunga tu na kufuta makosa. Ndio maana kama blok haivuji na bodi haijaungua, kutengeneza yako ndio form ya kwanza ya kujaribu.

Kuirudisha na kuijaribu

Safisha mahali pa silikoni ama gaskiti, hakikisha koili zote zimesimama wima, ingiza moja kwa moja bila kusukuma kwa nguvu. Kaza skurubu kwa mkono, kwa mtindo wa msalaba, kidogo kidogo. Hizo ni skurubu ndogo kwa plastiki, si nati za tairi. Rudisha soketi, halafu betri.

Washa swichi: taa iwake, izime. Skani, futa makosa ya zamani, skani tena. Gari zenye ESP zinaweza kuomba stering ipimwe sifuri, hiyo hufanywa kwa skana. Kanyaga pedali kabla usonge. Lazima iwe ngumu na isizame.

Halafu tafuta kiwanja wazi chenye hakuna mtu, ikiwezekana cha murram. Fika kilomita 30 kwa saa, kanyaga breki yote. Pedali itetemeke, gari iende moja kwa moja, na uweze kuipinda. Rudia mara mbili. Usifanye hii kwa barabara, hata kama ni usiku.

Gari zenye hufai kujaribu mwenyewe

Haibridi kama Toyota Prius na Aqua. Hizo hukaa na mafuta ya breki yenye presha ya juu hata gari ikiwa imezimwa, na kutoa hewa kunataka skana. Pia Mercedes za E-Class W211 za kwanza zenye breki za SBC: hizo zinaweza kujifunga zenyewe ukiwa na vidole kwa kalipa. Peleka kwa mtu mwenye vifaa.

Kabla ununue ndai

Turudi kwa ile balbu. Siku unaenda kuangalia gari, kabla ufungue boneti, kabla hata uulize bei ya mwisho, washa swichi na uangalie dashibodi. Taa ya ABS lazima iwake kwanza halafu izime yenyewe, na ikiwa inazima wakati mmoja kabisa na taa ya injini ama ya oili, shuku kwamba waya zimeunganishwa pamoja kukudanganya. Skana nayo haidanganyiki na balbu. Ikikataa kuongea na ABS, aidha muuzaji ateremshe bei ya kutosha kutengeneza, ama wewe uondoke na doh yako mfukoni.

Na kama selotepu iko juu ya taa yako saa hii, itoe leo. Anza na fyuzi. Mvua ya Thika Road haikungoji upate mshahara.